Kibanda cha Pembeni

Ukisikia mtu anaitwa Bi Ulimi utadhani ni mmbea, na wageni wengi wa kitivo cha kilimo na chakula walimkwepa kwa sababu hiyo mpaka walipojua kazi yake. Alikuwa mwonjaji. Wanafunzi wakibuni biskuti ya mtama, au mtindi wa namna mpya, au juisi wanayodai haiharibiki haraka, yeye na wenzake wachache ndio waliofungiwa chumbani waionje kabla haijamfikia mtu mwingine.

Chumba chenyewe kilikuwa mwisho wa korido, nyuma ya maabara ya maziwa. Ndani kulikuwa na vibanda vyembamba vilivyopangwa ukutani, kila kimoja na kiti chake, glasi ya maji na taa nyekundu ili rangi ya chakula isimdanganye mtu. Mbele kulikuwa na kidirisha. Fundi wa maabara alikifungua, akasukuma trei, akakifunga. Kati ya kibanda na kibanda ni ubao tu. Na sheria ilikuwa moja: ukishaingia, kimya. Hata kuguna marufuku, maana ukiguna jirani yako anajua kuna kitu kimechacha, na kazi yote ya siku imekwenda na maji.

Bi Ulimi aliajiriwa pamoja na mdogo wake, tumbo moja, na walikuwa chanda na pete. Mdogo alikaa kibanda cha pembeni kabisa. Kwa kuwa midomo yao haikuzoea kufungwa, walibuni njia yao. Aliyetangulia kumaliza alikwaruza ubao kwa ukucha mara moja: nimemaliza, nakusubiri. Mwenzake akimaliza alijibu mara mbili: haya, twende. Kuhusu ladha hawakuambiana neno, kazi waliiheshimu, ila hawakutaka kutoka kila mtu kivyake kama watu waliogombana. Na aliyetangulia alikuwa mdogo mtu siku zote, maana hakuwa na subira hata ya kutafuna.

Hakuwa na subira hata ya kuugua. Homa ilimwangusha jioni, wakamkimbiza hospitali, na dada yake aliporudi wodini na nguo za kubadilisha akakuta ameshafunikwa shuka mpaka usoni.

Siku ya kwanza kurudi kazini baada ya msiba, Bi Ulimi alikuwa amebakiza kikombe cha mwisho cha maziwa. Kutoka kibanda cha pembeni, kitupu, ukucha ukakwaruza ubao. Mara moja.

"Panya hao," mumewe alisema alipomsimulia wiki ilipokwisha, huku akivua viatu. "Chumba kimejaa chakula, ulitegemea nini?"

"Panya gani anakwaruza mara moja tu, kila siku, nikiwa nakaribia kumaliza?"

"Panya wa chuo kikuu, mke wangu. Wamesoma hao."

Wakacheka wote wawili. Lakini ukweli ni kwamba Bi Ulimi hakutaka wawe panya. Sauti ile ilimsimamisha vinyweleo, na bado kila asubuhi aliwahi kazini ili aisikie. Alimkumbuka mdogo wake mpaka kifua kikamuuma. Ila hakujibu hata siku moja. Alijua jibu lake linasemaje, na mtu mwenye akili zake hamwambii marehemu "twende."

Basi ikafika Jumatatu, siku ambayo karani wa kitivo hubandika habari mpya na nafasi zijazo kwenye ubao wa matangazo: ufadhili wa masomo ya udongo, semina ya ufugaji nyuki, mafunzo kwenye kiwanda cha kusindika matunda. Watu walisongamana kama kawaida. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, palikuwa na tangazo la nafasi ya mwonjaji, kibanda cha pembeni, mafunzo yatatolewa.

Korido ilipotulia Bi Ulimi alilibandua, akalisokomeza mfukoni. Karani akabandika jingine. Bi Ulimi akalifunika kwa tangazo la nyuki.

"Bi Ulimi," karani alimwita kesho yake, "tangu lini umekuwa shabiki wa nyuki hivi?"

"Kile kiti kina mwenyewe."

Karani alikuwa amebeba jeneza la marehemu kwa bega lake mwenyewe. Aliinamisha macho. "Najua, mama. Lakini mkuu wa kitivo anataka mtu kabla muhula haujaanza. Mimi ni nani nimkatalie?"

Aliyeomba nafasi hiyo alitoka nyumbani kwa Bi Ulimi mwenyewe. Mtoto wa marehemu, binti aliyekuja kuishi kwake tangu mazishi, alimfuata jikoni akiwa na simu mkononi. "Mama mkubwa, nimeomba ile kazi ya mama. Wameniita kesho nijaribiwe. Nilitaka iwe mshangao, nimeshindwa kujizuia."

Bi Ulimi angesema nini? Kwa miezi binti huyu hakuwa na sababu ya kutoka kitandani, na leo macho yake yalikuwa na uhai. Akamkumbatia, akampa hongera. Lakini usiku kucha alijiuliza swali moja. Kiti kikipata mtu, mdogo wake atakaa wapi?

Asubuhi wakaingia, kila mtu kibanda chake, taa nyekundu juu yao. Bi Ulimi alionja polepole, akijivuta makusudi, masikio yote kwenye ubao. Kikombe cha mwisho kikafika. Kimya. Akasukutua, akatema. Kimya. Machozi yakaanza kumtoka, maana alijua ameshampoteza kwa mara ya pili.

Ndipo ubao ukakwaruzwa. Mara mbili.

Glasi ilimponyoka. Alitoka mbio hadi koridoni, na binti akatoka nyuma yake anatabasamu.

"Umekwaruza wewe?"

"Si nilikujibu? Ulikwaruza mara moja, nikajua unanisubiri. Mama alikuwa akinifanyia hivyo mlangoni pa bafu nikichelewa kuoga. Mimi najibu mara mbili, tunaondoka."

Mikono ya Bi Ulimi ilikuwa na glasi na kikombe muda wote. Hakuwa amegusa ubao, wala hakuusikia mkwaruzo huo wa kwanza. Alimtazama mtoto yule, mzima, anayecheka, na akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

"Nenda kwa karani ukanywe chai," alimwambia. "Nenda sasa hivi, mwanangu. Nakuja."

Alirudi ndani peke yake. Akaketi kwenye kiti chake, akaegemeza paji la uso kwenye ubao, akavunja sheria ya chumba kile.

"Mdogo wangu," alisema kwa sauti. "Mtoto hakujua alichokujibu. Hajamaliza huyo, ndiyo kwanza ameanza. Na mimi bado sijamaliza. Nilikuacha unisubiri kwa sababu nilipenda kukusikia. Nisamehe. Usitusubiri tena. Tangulia."

Akangoja. Alingoja mpaka shingo ikamuuma. Ubao ulikuwa ubao tu, na upande wa pili hapakuwa na mtu.

Kidirisha kikafunguka, fundi wa maabara akachungulia. "Nani anaongea humu?"

"Mimi," Bi Ulimi alisema, akijifuta macho. "Niko peke yangu."