Nasadiki ya Donat

Mimi ni mkristu. Nalisema hilo kwanza, kwa sababu hapa mtaani kwetu Ndosho kuna watu wanaodai kwamba Donat Kambere ameniharibu kichwa. Nimebatizwa, nimeolewa kanisani, rozari yangu nalala nayo, na hasira niliyo nayo ni hasira ya mkristu. Sitaki kuipunguza.

Donat ni mvunja mawe. Ua wake na wangu vinatenganishwa na ukuta wa mawe ya volkano alioujenga mwenyewe, na kazi yake anaifanyia kando ya barabara mbele ya nyumba: nyundo, mtaimbo, na lundo la mawe meusi ambayo watu wa kujenga huja kuyachukua. Ni mtu mfupi, mabega mapana, mpenda kucheka. Na haamini kwamba kuna Mungu. Hafichi. Ukimuuliza atakuambia, na usipomuuliza utasikia tu, maana hana sauti ya chini. Watoto wa mtaa walimbatiza jina la Papa Hakuna, naye alikuwa akiitika.

Hakuzaliwa hivyo. Wazazi wake walitoka Butembo, Wakatoliki wa kufa na kupona, baba akifanya biashara ya samaki wa Vitshumbi, mama akifagia kanisa. Donat mwenyewe alitumikia misa akiwa mdogo. Mwaka wa 1994, wakimbizi walipomiminika kutoka Rwanda na kipindupindu kikaanza kuwamaliza, vijana wa parokia waliombwa waende Munigi kusaidia kuzika. Kule ardhi ni mwamba mtupu, ukipiga mtaimbo unakurudia mikononi. Walikuwa wakipiga kutwa nzima, na kabla shimo halijafika kiunoni, maiti zilizolazwa kando ya barabara zilikuwa zimeongezeka, zimeviringishwa kwenye mikeka, nyingine ndogo za kubebwa kwa mkono mmoja. Padri mmoja mgeni akapita, akanyunyiza maji ya baraka, akasema Mungu amewaita watu wake. Donat akamuuliza: hata hawa wa kunyonya, amewaita wakafanye nini? Padri akamwambia asikufuru, akaendelea na njia yake. Donat alimaliza kazi ile, akarudi nyumbani, na Jumapili iliyofuata hakwenda misa. Hajaenda mpaka leo.

Mke wake, Apolline, alikuwa rafiki yangu, na hakukosa misa hata akiwa na homa. Watu walishangaa wale wawili wanaishije. Waliishi vizuri kuliko wengi wetu. Donat akianza maneno yake mezani, Apolline alikuwa akimwambia, "Uamini, usiamini, bugali inapoa." Basi.

Nieleze kidogo kuhusu shirika, kwa asiyelijua. Ni jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa. Tunakutana kila Jumatano nyumbani kwa mmoja wetu, tunasali, tunatembelea wagonjwa, na mtu akifa sisi ndio tunaomchukua mikononi: tunaimba, tunaomba, tunambeba hadi kaburini. Kwetu hapa, kuzikwa bila shirika ni kutupwa. Zamu ya nyumba ya Apolline ilipofika, Donat ndiye alikuwa akipanga viti na kuleta maji, kisha anatoka kukaa nje, mgongo ukutani, akisikia kila kitu. Alikuwa akimsikia mke wake akiomba kwa sauti, mbele yetu sote, bwana wake Donat afunguliwe macho. Tukitoka alikuwa akituuliza, "Mumenifungua?" Tukacheka, naye Apolline akacheka. Na shirika lilipofiwa, nani alitufungulia mwamba tuzike? Donat. Hakukataa hata mara moja.

Sasa nimlete Laurent Bagalwa, mkubwa wa shirika letu. Ni karani kwenye depo ya saruji, mtu wa tai na viatu vya kung'aa. Ametoka upande wa Bukavu kama mimi, kwa hiyo asije akasema kwamba namsema kwa ajili ya kabila. Kila Jumapili baada ya misa alipita kwenye mawe ya Donat kumtafuta kwa mdomo, na watu walisimama kusikiliza.

"Donat, mwaka ya volkano ulikuwa unatumika kazi kule mujini, moto ikapita palepale. Weye ukapona. Nani alikuponesha?"

"Miguu yangu."

"Na nani alikupa miguu?"

"Mama yangu. Na ule mama jirani yetu, mwenye aliungua na batoto yake, yeye miguu yake ilitoka kwa nani?"

"Mungu njo anajua."

"Unaona? Kila mara tukifika hapa, unanituma kwa mutu mwenye haiko. Donc, basi, weye hujue. Sema tu, sijue. Mimi niko nasema sijue kila siku, na sijakufa."

Wauza ndizi walikuwa wakiangua kicheko. Laurent alikuwa akirekebisha tai yake na kuondoka, na Jumapili ifuatayo anarudi na hoja mpya, nayo inavunjwa kama mawe mengine. Donat aliona ni mchezo wa jirani na jirani. Kwa Laurent haukuwa mchezo. Nilimwona usoni zaidi ya mara moja, nikamwambia mume wangu kwamba yule mtu anaweka moyoni.

Kisha ikaja vita ya Januari. Watu wa kambi za wakimbizi wa vita walikimbilia mjini na magodoro kichwani, na Apolline akaingiza familia mbili katika nyumba yake ya vyumba viwili. Hakuuliza wanasali wapi. Risasi zilipofika mtaani tulilala chini sote, kila nyumba, siku baada ya siku. Apolline alikuwa mgonjwa wa tension, shinikizo la damu. Dawa zake zikaisha. Donat alitoka kwenda kuzitafuta akiambaa na kuta, akagonga kila duka la dawa alilolijua, yote yamefungwa, mengine yamevunjwa na kuporwa. Alirudi mikono mitupu. Apolline akafa mchana, sakafuni, kichwa mapajani mwa binti yake Fabiola, pamoja na watoto wa watu waliolala wakimzunguka. Hakuna risasi iliyomgusa, lakini mimi nasema aliuawa na vita, na waliopigana vita hiyo nawalaani, na kama ni dhambi nitaungama.

Kitu kimoja tu alikuwa ameomba, na alikiomba mbele yangu na mbele ya Donat, tena si mara moja: azikwe na shirika lake, wamama wamevaa vitambaa vyao, katekista aongoze sala, na waimbe. Zaidi ya yote waimbe. Donat alimpa neno lake kwamba itakuwa hivyo.

Risasi ziliponyamaza, nyumba ya maiti ilikuwa imejaa na umeme hakuna. Ilibidi tuzike mara moja. Kulipopambazuka Donat alichukua mtaimbo wake akaenda kuchimba mwenyewe, na vijana waliotaka kumsaidia akawarudisha. Sisi wamama tukaja na vitambaa vyetu, katekista akaja na kitabu chake. Tukiwa tayari kuanza, Laurent akaingia uani, na tai.

"Ba mama, mungoje kwanza. Shirika haiwezi kuimba hapa vile vile."

Tukamwangalia. Akasema Mungu ametuchunga katika vita hii. Risasi ilitoboa kiti alichokuwa amekalia muda mfupi kabla, naye ni mzima, na siku ile alimwahidi Mungu kwamba hatanyamaza tena mbele ya mtu anayemtukana. Sitaki kusema alikuwa anadanganya. Hofu tulikuwa nayo sote, na kila mtu aliahidi la kwake. "Donat asimame mbele ya batu," akasema, "aseme Nasadiki, sala ya imani, yote. Kisha tutaimba. Akikataa, kila mutu arudi kwake."

"Papa Laurent," nikamwambia, "tunazika nani? Apolline ama Donat?"

"Mama Bibiche, kichwa ya nyumba ni bwana."

"Padri njo amesema vile?"

"Padri hapatikane, barabara zimefungwa. Mukubwa wa shirika ni mimi."

Mmesikia. Hakuna padri aliyesema, hakuna sheria, kitu kama hicho hakikuwahi kuombwa kwa mfiwa yeyote. Kilitoka kichwani mwake mwenyewe, asubuhi ile, maiti imelala ndani. Nilidhani wamama wataguna, wataimba kwa nguvu. Wakakaa chini mmoja mmoja. Katekista akafunga kitabu chake, macho kwenye viatu. Nilitaka kuwatukana, na kusema kweli niliwatukana.

Donat akarudi, vumbi la mwamba hadi kwenye nyusi. Fabiola akamwendea akamweleza. Nilitegemea apige kelele. Aliuliza kwa sauti ndogo, ambayo sikuijua kuwa anayo:

"Weye Laurent, unaamini kama Mungu anaona mu roho ya mutu?"

"Anaona."

"Donc unajua ataona niko nasema uongo."

"Weye sema tu. Mungu atafanya kazi yake."

"Kazi gani? Mimi mwenye siamini niko naogopa kumudanganya. Weye mwenye unamuamini hauogope?"

 Laurent alikunja mikono kifuani akangoja. Jua lilikuwa limepanda, na kila mmoja wetu alijua maana yake kwa mwili ulio ndani.

Fabiola akamshika baba yake mkono. "Papa, sema. Ni maneno tu."

"Kama ni maneno tu, mutoto wangu, juu ya nini banaitaka hivi?"

"Mama alitaka aimbiwe."

Hapo na mimi nilimkasirikia Donat. Nasema wazi. Nilimwona mkaidi, nikasema moyoni, mtu mzima huyu, mke wake amelala pale kwenye joto, naye anapima ukweli kama anapima mchanga. Leo najua alikuwa anapima nini. Alikuwa na kitu kimoja tu duniani ambacho Munigi haikumnyang'anya, wala volkano, wala vita, nacho ni kwamba hasemi asichokiona kuwa kweli. Apolline aliolewa na mtu huyo kwa sababu hiyo, alinieleza mwenyewe. Na sasa ili amtimizie Apolline neno, ilibidi akitupe kitu hicho miguuni pake.

Alinawa mikono kwenye beseni, akaingia ndani. Tukamfuata, waliokosa nafasi wakabaki mlangoni na madirishani. Akasimama upande wa miguu ya Apolline, akasema Nasadiki.

Aliisema yote. Sisi tunaoisali kila Jumapili tunaburuzana nayo, mmoja anameza huku mwingine amekimbilia Pontio Pilato. Donat aliitamka neno kwa neno, kama alivyofundishwa akiwa mtoto wa altare, bila kukosea, bila kumwangalia mtu yeyote isipokuwa mke wake. Alipofika kwenye ufufuko wa wafu alikatisha. Akairudia sehemu hiyo tangu mwanzo, akamaliza.

"Amina," Laurent akasema kwa nguvu. "Asante Mungu. Aliyepotea amerudi. Ba mama, muimbe."

"Ngoja," Donat akasema. "Bado."

"Bado nini?"

"Haujaniuliza."

"Nikuulize nini?"

"Niulize kama ni kweli. Hapa, mbele ya Apolline. Sijamudanganya hata siku moja. Niulize, nitajibu."

Laurent alimtazama. Wote tulimtazama Laurent. Neno moja tu lilitakiwa, na mtu ambaye kwa miaka alikuja kila Jumapili kumuuliza Donat kama anaamini, siku ile alipoombwa aulize, alitazama saa yake.

"Jua inaenda, Donat," akasema. "Tuzike kwanza."

Akampungia katekista mkono, na katekista akafungua kitabu.

Tulimzika Apolline na nyimbo zote alizozipenda. Tuliimba njia nzima, tukipita magari yaliyoungua na maganda ya risasi, na watu waliotoka majumbani kuangalia wakasema hawajasikia matanga mazuri hivyo tangu vita ianze. Mimi niliimba sauti ya pili kama kawaida yangu, na kila ubeti niliuimba kwa meno yaliyoumana.

Barabara zilipofunguliwa, Laurent alisimama kanisani kwenye matangazo, akatoa ushuhuda kwamba shirika letu, katikati ya vita, limemrudisha mkana Mungu kwenye imani. Watu walipiga makofi. Nilitoka kabla ya komunyo, na huo ndio mwanzo wa maneno kwamba nimeharibiwa kichwa.

Nilienda moja kwa moja kwa Donat kumwambia, nikidhani ni bora asikie kwangu. Alikuwa kwenye mawe yake. Siku hizi hakuna anayesimama kubishana naye. Laurent akipita anamsalimia ndugu katika Kristu, na Donat anainamisha kichwa tu kwenye jiwe. Watoto waliacha kumwita Papa Hakuna, kwa kuwa haitiki tena.

Nilimweleza habari ya ushuhuda na makofi. Alisikiliza hadi mwisho, nyundo juu ya goti.

"Nimesema miaka hii yote kama Mungu haiko," akasema. "Na leo niko nasema vile vile, sitakudanganya. Lakini ile siku, Mama Bibiche, tukiwa pale na Apolline, Laurent anaangalia saa, mara ya kwanza tangu Munigi nilitamani akuwe. Nilitamani sana. Akuwe pale ndani na sisi, awaangalie bale banasema mu jina yake."