Wasia wa Kila Homa

Bwana wangu wa Kasongo alikuwa mkarimu sana akiwa mgonjwa. Homa ikimshika, meno yakaanza kugongana, anapiga kelele aitiwe mwalimu wa msikiti aje na kalamu. Mwalimu alikuja mbio mpaka kiatu kimoja kinabaki njiani.

"Andika," bwana anasema. "Nikifa, pembe zangu za ndovu ziende msikitini. Shamba la mpunga liwe wakfu, wasafiri maskini wale bure. Na huyu mpishi wangu awe huru."

Mpishi ndiye mimi. Mimi ni Mubangubangu wa upande wa Kabambare. Nilifika Kasongo na kamba shingoni, kichwani nimebebeshwa moja ya pembe hizo hizo za sadaka. Mama yangu alibaki kijijini kwetu, Lusangi. Kila mchuuzi aliyetoka huko nilimuuliza habari zake, akaniambia yuko hai, ila macho yanamwishia. Basi uhuru kwangu ulikuwa na maana moja tu, kufika kabla hajashindwa kuniona.

Sasa sikilizeni uchungu wenyewe. Dawa ya homa ile niliijua mimi peke yangu nyumbani mule, majani machungu aliyonifundisha mama. Nikichemsha, bwana anakunywa, anatoka jasho, siku ya tatu anaomba wali na kuku. Akishashiba anamwita mwalimu tena.

"Ile karatasi iko wapi? Futa yote. Mutu mwenye akili anatoa shamba zima? Homa ndiyo iliyosema, si mimi."

Na ruhusa anayo, kwani wasia wa aliye hai ni wake kuubadili. Mwalimu anafuta, uso umemshuka. Nami narudi jikoni kuosha sufuria iliyomponya. Jamani! Nilikuwa najifunga ile kamba kwa mikono yangu mwenyewe.

Mara nne alitoa, mara nne akafuta. Mjini walimsifu kila alipotoa, na alipofuta walinyamaza kwa adabu. Msikitini waliendelea kumwombea afya, lakini ile amina yao niliisikia, ilikuwa nyembamba.

Mara ya tano homa ilikuja mbaya. Mwalimu akaandika, mashahidi wawili wakasikiliza. Nikaingia na kikombe cha dawa, nikasimama mlangoni.

"Lete," bwana akasema.

"Bwana, niache huru sasa hivi, ungali hai, mbele ya hawa. Uhuru wa kwenye karatasi siutaki tena."

"Wewe mwanamke una wazimu? Si nimekwisha kuandika? Nikifa uko huru!"

"Ndiyo, bwana. Nimesikia."

Nikakaa chini, kikombe mikononi.

"Mbona huleti?"

"Nangojea wasia, bwana."

Mwalimu alishikwa na kikohozi kirefu, mdomo ameuziba kwa mkono wa kanzu. Mimi sikucheka. Nilikikaza kikombe mpaka dawa ikanimwagikia mapajani. Nilimchukia yule mzee, na huruma nilimwonea pia, na mpaka leo sijui kama ningeweza kukaa pale hadi mwisho.

Bwana akakitazama kikombe, akanitazama mimi, akarudi kwenye kikombe.

"Uko huru," akasema. "Uko huru kwa ajili ya Mungu, na Mungu akulaani. Lete!"

"Mmesikia?" mwalimu akawauliza mashahidi, haraka haraka. Walikuwa wamesikia. Nikampa kikombe, akanywa mpaka tone la mwisho.

Siku ya tatu alikula wali, akamwita mwalimu. Nilikuwa uani nafunga mzigo wangu. Nikamsikia akizifuta pembe. Akalifuta shamba, wasafiri maskini wakarudi kwenye njaa yao.

"Na yule mpishi, mfute."

"Huyo hayumo tena kwenye wasia, bwana," mwalimu akasema. "Huyo ulimwacha huru ungali hai, mbele ya mashahidi."

Bwana akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa homa ikirudi?"

"Ikirudi, bwana, nitakuja na kalamu."

Nilicheka peke yangu karibu njia nzima hadi Kabambare. Lusangi nilimkuta mama anaona vivuli tu. Alinipapasa uso kwa mikono miwili, akalia, akaniuliza kama yale majani yake bado nayakumbuka. Nikamwambia nayakumbuka sana.