Sarafu Iliyonyooshwa

Mtaani walimwita Fundi Nyongeza, na jina likamkaa. Ukimpelekea sonara huyu hereni moja iliyokatika, ataiunga, halafu bila kuombwa ataing'arisha pamoja na mwenzake ili zisichekane. Hakutoza kitu kwa hiyo ziada. Mkewe alimwambia kiherehere kitamponza siku moja, naye akacheka tu. Wanaume hawa, we acha.

Asubuhi moja aliingia jirani yao, mjane wa fundi cherehani. Alifungua fundo la leso akatoa sarafu kuukuu ya fedha, imetobolewa ipite uzi, ukingo umebonyeabonyea. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba mashemeji zake wanakuja jioni kugawana mali ya marehemu. Sarafu ilikuwa ya mama mkwe. Wamesema sonara aipime: ikiwa na thamani iuzwe wagawane, ikiwa haina, abaki nayo. Alifungua mdomo kama mwenye neno jingine, kisha akasema tu atapita mchana.

Fundi aliiweka kwenye mizani, akaitazama kwa kioo cha kukuzia. Fedha ilikuwa safi, lakini imelika kwa kuvaliwa hadi ukingo umekuwa mwembamba. Wanunuzi wa sarafu za kale hawalipii kitu kilichotobolewa, sembuse kilichobonyea. Kwa hali ile haikuwa na bei ya maana, na hapo roho ikamwuma. Mama wa watu kafiwa na mtoto wake wa pekee, kafiwa na mume, leo hata fungu lake liwe la aibu? Akaona afadhali aifanye kidani, ipate bei, na mjane aambulie chochote.

Basi akaipasha moto ilainike, akailaza kwenye fuawe, akagonga polepole kwa nyundo ya mbao. Vibonyeo vilikuwa vidogo, vimepangana. Alivishangaa kidogo, kisha akavisawazisha vyote. Akaisugua mpaka ikawaka. Moyo wake ulikuwa mweupe kabisa, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Mjane aliporudi alimkabidhi huku akitabasamu, akamtajia bei nzuri. Mjane hakuisikia. Alipitisha kidole gumba ukingoni, akauzunguka wote, akarudia tena.

"Meno yake yako wapi?" aliuliza.

Fundi hakuelewa. Ndipo mjane akamweleza, taratibu, kama anayemfundisha mtoto, kwamba mwanawe alikuwa akiivaa shingoni. Kila homa ikimpanda aliing'ata ili asipige kelele, kwa kuwa baba yake alikuwa hawezi kuvumilia kumsikia akilia. Aliing'ata mpaka siku ile aliyonyamaza. Picha hawakuwahi kumpiga.

"Nilitaka useme haifai kitu, fundi. Nilishindwa kukuomba useme uongo, nikajua mwenyewe utaona haifai."

Fundi alikaa chini. Machozi yalimtoka mtu mzima yule bila hata kuyafuta. Akaapa atawaambia mashemeji ni takataka, haina bei popote, atasimama mbele yao jioni hiyohiyo, na sarafu itabaki kwake.

Mjane aliiweka juu ya meza, akakunja leso yake tupu.

"Wape tu," alisema. "Hii siijui."