Fainali Niliyoitazama Ndani ya Gunia

Chekeni, lakini ngojeni nimalize kwanza, maana aibu hii nimeibeba miaka mingi, na hadi leo nikipita pale Mamboleo navuta leso mpaka puani nisije nikaitwa na mtu anayenikumbuka.

Mimi ni mnunuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, ufukweni Usenge. Miaka ile ya themanini timu yetu ya watu wa ziwani ilikuwa moto, ikifika fainali ya kombe la vilabu vya Afrika Mashariki mara kwa mara, na fainali zote tulizisikiliza kwenye redio ya Mzee Ogutu, mwenye maboti mawili, mtu ambaye hakumbuki siku ya ndoa yake lakini anakumbuka nani alipiga kona gani katika fainali gani. Ya kwanza tulikuwa tunaongoza. Nikafika na karai langu kichwani, nikauliza tu, "Ngapi ngapi?" na kabla sijajibiwa wakasawazisha, kisha wakatumaliza. Ya pili ilifika penalti, mimi nikasema "Ee Nyasaye!" (kumwita Mungu nako ni kosa?) na mchezaji wetu akaupaisha mpira juu ya mwamba. Ya tatu sikuwepo, nilikuwa hospitalini najifungua, na siku hiyo hiyo tukachukua kombe, ndiyo maana binti yangu, mwenye jina lake zuri tu la ubatizo, ufukweni anaitwa Kombe nami naitwa Mama Kombe. Ya nne nikarudi kusikiliza na mtoto mgongoni. Tukapigwa tatu.

Baada ya hiyo ya nne wanaume walianza kunyamaza nikipita. Basi mwanzoni mwa miaka ya tisini timu ikafika fainali tena, na siku chache kabla ya mechi Mzee Ogutu akaniita kando ya boti lake, akavua kofia, na mimi nikajua mzee akivua kofia mbele ya mwanamke hakuna jema.

"Mama Kombe, sisi hatukuchukii," akasema. "Lakini angalia wewe mwenyewe. Ukikuwa hapo tunafungwa. Usipokuwa, tunachukua. Sasa hiyo ni nini?"

"Ni mpira tu, Mzee."

"Mpira gani hiyo inajua mtu? Sikia. Hii fainali usisikize. Ukisikiza na tufungwe, usikuje tena kwa maboti yangu. Omena utaisikia harufu tu."

Nikacheka, lakini nilijua hatanii. Ufukweni kwetu mwanamke kuruka wavu tu ni neno, watu wanasema samaki watakimbia, na mwenye boti akishatamka kwamba fulani ana mkosi, wenzake hawaulizi mara mbili. Maboti ya Ogutu ndiyo yaliyokuwa yananilisha mimi na mtoto. Na niwaambie ukweli, hata hilo halikuwa baya kuliko yote. Baya ni kwamba nilianza kumwamini. Nikilala nilikuwa nazihesabu zile fainali moja moja, na kila nikizigeuza zinanirudia mimi.

Basi nikaamua kukimbia. Asubuhi ya mechi nikamwacha Kombe kwa mama yangu, nikaenda mpaka Mamboleo, kule mjini, kwa rafiki yangu Mama Wambui, mfanyabiashara wa viazi ambaye watu wake si wa ziwani, na kwake mpira ni kelele za wanaume tu. Nilipomweleza shida yangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Na hao ni watu wazima?" akaniuliza. "Ingia huko store unichagulie viazi. Huko hata radi huwezi sikia."

Store yenyewe ilikuwa chumba cha mabati nyuma ya kibanda chake cha chai, haina dirisha ila kitundu juu karibu na paa, na mlango mmoja tu unaotokea kwenye kile kibanda. Nikajifungia, nikaanza kuchagua viazi huku nikiimba nyimbo za kanisa, na kwa mara ya kwanza wiki ile moyo ukatulia.

Ulitulia mpaka niliposikia watu wengi wakivuta mabenchi. Kumbe jirani wa Mama Wambui, fundi wa kuchaji betri za gari, alikuwa na televisheni, na antena yake haikushika mpaka walipoileta kwenye kibanda kile, na Mama Wambui akakubali akijua watu watakunywa chai (rafiki yangu namjua, akiona wateja husahau hata mumewe, sembuse mimi). Mchezo ukaanza. Nikaziba masikio kwa vidole. Halafu, katikati ya zile kelele, nikasikia sauti ambayo hata ukinizika nitaijua.

"Ile redio ya Usenge mimi nimeachana nayo," sauti ilikuwa inasema. "Huyo mama ameshaiharibu. Ndiyo nikaambia vijana twende town, mbali kabisa na yeye."

Yawa! Mzee Ogutu! Mimi nimemkimbia yeye, yeye amenikimbia mimi, na tumekutana Mamboleo, katikati yetu kipande cha mlango ambacho hata komeo lake ni msumari. Nikitoka, watasema nimewafuata kusudi niwaroge. Nikikaa, nitasikia, na nikisikia tutafungwa. Nikachukua gunia tupu nikalivaa kichwani mpaka kiunoni nisisikie, na humo ndani vumbi la viazi likaniingia puani nikaanza kupigana na chafya, naomba, "Bwana, chafya isitoke, na goli lisiingie, lakini ukichagua moja chagua la goli."

Likaingia. Nilijua kwa vile kibanda kizima kilivyonyamaza.

"Lakini leo hayuko!" mtu akalalamika. "Mbona tunafungwa na hayuko?"

Nikamsikia Mzee Ogutu akivuta pumzi puani, mara moja, mara mbili.

"Hapa ni kwa viazi," akasema polepole. "Sasa hii harufu ya omena inatoka wapi?"

Wenzangu, mtu akiuza omena miaka yote, sabuni haina kazi. Nikasikia benchi likisukumwa, nyayo zikija, na mimi na gunia langu nikaanza kupanda rundo la magunia ya viazi ili nikifikie kile kitundu cha juu (sijui nilifikiri nitapitaje pale, hata kuku angekwama). Nikapanda la kwanza, la pili, la tatu likateleza, rundo lote likanifuata, mlango ukang'oka, na mimi nikatokea kibandani kichwa mbele, ndani ya gunia, katika mto wa viazi, nikasimamishwa na meza ya televisheni.

Mtu akapiga kelele "Jini!" Mwingine akamwaga chai. Na hapo hapo, sijamaliza hata kuanguka, timu yetu ikasawazisha.

Nilianza kulivua gunia nikisema, "Mzee, naomba unisikilize, mimi nilikuwa najificha..."

"Usitoe!" Mzee Ogutu akanguruma. "Usitoe hiyo gunia! Mshikeni akae hivyo hivyo!"

Wakanishika. Wanaume wawili, huyu bega hili, yule bega lile, nimeketi chini miguu nje, magoti yamechubuka, napiga chafya, na watu wa barabarani wanachungulia kumwona mama mzima aliyetiwa guniani. Niliomba hadi mwisho, kwa sababu nilijua wakitufunga tena sitatoka pale salama. Mama Wambui alikuwa anauliza, "Na viazi vyangu nani ataokota?" Kisha dakika za mwisho, katika matundu ya gunia, nikaona mtu wetu akiuburuta mpira, akampita beki, akaupiga, na wavu ukatikisika.

Walinibeba juu juu mpaka njia panda, gunia kichwani, wakiimba jina la mwanangu, na jioni ile Mzee Ogutu akaniahidi omena kabla ya wanunuzi wote. Nilidhani yamekwisha. Lakini fainali iliyofuata alinijia na gunia, lile lile, alikuwa amelinunua kwa Mama Wambui na kulitunza. Nikalivaa ufukweni, mbele ya mama yangu na mchungaji wetu, kwa sababu bado nilikuwa namwogopa. Tukafungwa. Akasema eti nilikuwa nimeketi nimeligeuzia ziwa mgongo.

Siku hiyo nililivua nikalitupa majini, nikamwambia samaki wake atanipa au ataacha, na gunia sivai tena, wala sikimbilii mji wa mtu. Samaki alinipa. Mechi ya fainali mpaka leo sijathubutu kuisikiliza. Naipenda timu ile kuliko Mzee Ogutu mwenyewe, na katika fainali zake zote goli letu nililoliona kwa macho yangu ni moja tu, na niliangalia kupitia matundu ya gunia la viazi.