Ufunguo Ulioshuka Upande Usio Wake

Mtaa wa nyuma ya posta una meza moja iliyobanwa kati ya mshona viatu na duka la fotokopi, na hapo ndipo Fundi amekaa miaka ishirini na tisa akichonga funguo. Ni mwanamke wa miaka hamsini na sita, mfupi, mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa uzi wa kushonea na vidole vinavyonuka shaba hata siku ya sikukuu. Ufunguo ukikatikia mlangoni, anaitwa yeye. Mtoto akijifungia chooni, anaitwa yeye. Hata mama yake mzazi alikuwa akimwita Fundi, hasa siku alizotaka kitu.

Lakini mganga hajigangi. Mtaa mzima una funguo za akiba alizochonga yeye, ila nyumbani kwake mlango wa jikoni unafungwa kwa kipande cha waya, na gari la mumewe, kigari kikuukuu chenye rangi ya chai ya maziwa, lina ufunguo mmoja tu duniani.

Mumewe ni kinyozi. Yeye na Fundi wameishi pamoja kwa amani ya watu wasioonana mchana: kila mmoja anaondoka asubuhi kwenda kwenye kiti chake, wanakutana jioni mezani, wanaulizana habari za kazi, wanalala.

Aliyewavuruga ni wifi.

Wifi huyu ni mke wa kaka yake Fundi, nesi aliyestaafu mwaka jana na kugundua kwamba hajui kukaa. Mwezi wa kwanza alipanga upya makabati ya jikoni mara tatu. Mwezi wa pili akaanza kutembea asubuhi, mwanzoni hadi sokoni, baadaye hadi daraja la reli. Mwezi wa tano akaja kwenye meza ya Fundi akiwa na mkoba mkubwa wa mgongoni, akaubwaga juu ya funguo za watu.

"Wifi, ukiendelea kukaa hapo utaota mizizi."

"Nikiota mizizi wewe utapata kivuli. Ondoa gunia lako."

"Si gunia, ni mkoba wa safari. Tunavuka mlima, mimi na wewe. Tunaanzia bwawani, tunalala kwenye kibanda cha wapandaji kule juu, kesho yake tunashukia machimbo ya kokoto. Siku mbili tu."

"Nani kakwambia mimi nina haja na machimbo ya kokoto?"

"Wifi, lini mara ya mwisho ulikwenda mahali ambapo hukuitwa kufungua mlango?"

Fundi akalisukuma gunia pembeni. Alitafuta jibu siku nzima, akachonga funguo mbili vibaya, jambo ambalo mshona viatu jirani anasema hajawahi kuliona. Jioni akakubali.

Kutembea hakukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa usafiri. Jumapili iliyofuata walikaa jikoni kwa Fundi, wanawake wawili na waume zao, mbele yao bakuli kubwa limefunikwa kifudifudi. Bakuli lilikuwa mlima. Kopo la sukari lilikuwa gari la wifi, kopo la chumvi lilikuwa gari la Kinyozi. Kaka yake Fundi, mwalimu wa jiografia, alisimama na rula.

"Mkiacha gari hapa bwawani," akasema, akiisogeza sukari, "mkishuka machimboni, gari lenu litakuwa wapi?"

"Nyuma ya bakuli," akasema Fundi.

"Vizuri. Na kulizunguka bakuli ni saa tatu za barabara ya vumbi."

Waliulizia malori ya kokoto, wakaambiwa Jumapili hayatembei. Wifi alimpigia dereva wa teksi anayemfahamu. Dereva alipotajiwa barabara ya bwawani alicheka kwa muda mrefu, kisha akakata simu. Kuna aliyesema gari moja lipelekwe machimboni siku iliyotangulia, lakini hiyo ilimaanisha magari mawili kwenda na watu wote kurudi na moja, yaani kuuzunguka mlima mara mbili kabla hata ya kuvaa viatu.

"Tutakuwa tumechoka kabla hatujaanza kuchoka," akasema Kinyozi, ambaye alikuwa amekuja kwa ajili ya chai tu.

Hapo Mwalimu akapata wazo. Wanawake waende bwawani na gari la wifi, waanze kupanda. Asubuhi hiyo hiyo wanaume waende machimboni na gari la Kinyozi, nao wapande kutoka upande wao. Wote wakutane kibandani jioni, walale, wabadilishane funguo. Kesho yake kila kundi lishukie upande wa pili, lilikute gari la wenzao linalisubiri, na wote warudi nyumbani kwa starehe.

Kikombe cha Kinyozi kikatua mezani.

"Kwa hiyo," Kinyozi akasema taratibu, "ili wake zetu wapate kutembea, na mimi lazima nitembee?"

"Ndiyo, shemeji."

"Nasimama kutwa nzima kwa miguu hii hii, halafu Jumamosi naipeleka mlimani. Wamenikosea nini, miguu yangu?"

Lakini Fundi alimtazama kwa juu ya miwani, na Kinyozi, ambaye amenyoa vichwa vya majambazi na mahakimu bila mkono kutetemeka, akaomba aongezewe sukari. Mwalimu ilibidi kwanza alitoe gari mlimani.

Siku ilipofika, wanawake walipanda vizuri kuliko walivyotarajia. Wifi alitangulia akihesabu mapigo ya moyo ya Fundi kila baada ya nusu saa, kama vile wodi imehamia porini. Fundi alipumua kama mvukuto, lakini kila walipofika mahali pa wazi alisimama, akatazama chini kwenye bwawa lililokuwa likipungua hadi likawa dogo kama kioo cha mkononi. Wifi hakumbughudhi. Saa tisa alasiri walikuwa kibandani, birika liko motoni.

Wanaume walifika saa kumi na moja. Mwalimu wa jiografia alikuwa amewapoteza mara mbili, mara ya pili akiwa ameishika ramani mkononi. Kinyozi alitokea nyuma yake akichechemea, viatu ameving'iniza shingoni.

"Shemeji kanionyesha mlima wote," akasema. "Hata ule ambao haumo kwenye safari."

Wifi alimkalisha, akamsafisha malengelenge, akamfunga bandeji safi hadi miguu ikawa kama mikate miwili iliyofunikwa. Walikula mayai na mkate, wakacheka mpaka Mwalimu akapaliwa na chai. Fundi, aliyekuwa amekabidhiwa ufunguo wa gari la wifi, alipoulizwa kuhusu kubadilishana alisema, "Asubuhi. Kitu kidogo hakibadilishwi mikono kwenye giza." Ni msemo wake wa kazini, na wote walikubali kwa kuwa ulitoka kwa mwenye fani.

Asubuhi kulikuwa na ukungu, na ukungu ukaleta haraka. Soksi za Mwalimu hazikuonekana. Zilipoonekana zilikuwa miguuni kwa Kinyozi, juu ya bandeji, na yeye hakuwa tayari kuzivua. Wakabishana, wakapatana, wakakumbatiana, wakapungiana mikono. Wanaume wakashika njia ya bwawani, wanawake ya machimboni.

Walikuwa wametembea saa mbili na nusu wakati wifi alipoketi juu ya jiwe kunywa maji.

"Hivi ufunguo wa shemeji ni ule wenye kamba nyekundu?"

Fundi akatia mkono mfukoni kumwonyesha. Ukatoka ufunguo wa gari la wifi, mweusi, mnene, wenye vitufe.

Wakautazama wote wawili.

"Wifi," akasema nesi kwa sauti aliyokuwa akiitumia kwa ndugu wa wagonjwa, "nambie una mwingine kwenye mfuko wa pili."

Hakuwa nao. Fundi alikaa chini pale pale kwenye nyasi zenye umande. Miaka ishirini na tisa amewakanya watu kuhusu funguo zao, leo ameubeba wa wifi yake na kuushusha upande usio wake! Machozi yalimlengalenga. Wifi alijikaza, akajikaza, kisha kicheko kikamtoka puani pamoja na maji, na Fundi alipoona maji yale akashindwa naye. Walicheka hadi ndege wakahama mti.

Walipotulia, wakafikiri. Simu hazikuwa na mtandao. Wakirudi kuwafuata wanaume, jua lingewachwea njiani. Wakiendelea, saa mbili nyingine wangefika kwenye gari lililofungwa, na upande wa pili waume zao nao wangefika kwenye gari lililofungwa.

"Gari lako siliwezi," Fundi akasema. "Lina kifaa ndani ya ufunguo, bila hicho haliwaki. Lakini lile la mume wangu ni chuma tupu. Twende."

Hatua ishirini kabla ya geti la machimbo, simu ikapata mtandao na kuita papo hapo. Alikuwa Kinyozi.

"Mama watoto, mmefika?"

"Tumefika. Nyie mko wapi?"

"Tuko garini."

"Ndani?"

"Juu. Shemeji kakaa kwenye boneti, mimi nimelala juu ya paa. Sasa nakuuliza kwa upole, ufunguo anao nani?"

"Huo mwingine anao nani?"

Kisha akasikika akipekua mifuko, na sauti ya Mwalimu kwa mbali ikisema, "Nilikwambia."

"Kaeni hapo hapo," Fundi akasema. "Nakuja kuwachukua."

Hajui kwenda popote bila tupa yake ndogo ya kusugulia chuma na vipande kadhaa vya funguo visivyochongwa. Vinakaa kwenye pochi kama hirizi. Akapiga magoti mlangoni mwa gari, akachagua kipande kinachoingia, akakiingiza, akakizungusha kwa nguvu kidogo, akakitoa. Akavaa miwani na kutafuta alama ndogo ambazo vibati vya ndani ya kitasa vilikuwa vimeacha kwenye shaba. Palipo na alama, akapiga tupa mara mbili. Akarudisha, akazungusha, akatoa, akatazama. Kazi hii haina njia ya mkato: ukikata zaidi kwa unene wa unywele, umeharibu.

"Samahani," sauti ikasema nyuma yao. Alikuwa mlinzi wa geti, mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni. "Hilo gari ni la nani?"

"La mume wangu," Fundi akajibu bila kugeuka.

"Na mume wako yuko wapi?"

"Upande wa pili wa mlima."

"Na ufunguo?"

"Anao yeye."

Mlinzi akawatazama: wanawake wawili watu wazima, matope hadi magotini, mmoja anachokonoa mlango wa gari, mwingine anamshikia chupa ya maji. Akaishika filimbi.

"Dada yangu, subiri," wifi akaomba. "Hukuwaona waliolileta jana?"

"Niliwaona. Wanaume wawili. Mmoja alikuwa analalamikia miguu kabla hajateremka garini."

"Ndiye huyo!" wakasema mawifi kwa pamoja.

Mlinzi aliiachia filimbi, lakini hakuondoka. Akauliza kuna nini ndani ya buti. Fundi akamtajia: kiti cha saluni kilichovunjika mguu, ndoo isiyo na mpini, na mwavuli wa mteja mmoja ambaye hakurudi tena. "Tutaona," mlinzi akasema, akaleta kigoda chake, akaketi kutazama.

Mlango ulichukua saa nzima na dakika kumi. Ulipofunguka, mlinzi alipiga makofi kabla hajakumbuka cheo chake, kisha akaenda nyuma kukagua buti, akakuta kila kitu na jozi ya viatu vya Mwalimu juu yake. Swichi ya kuwashia gari ilitaka michongo miwili zaidi ambayo mlangoni haikuhitajika. Hiyo ikala nusu saa nyingine, shingo ya Fundi ikiwa imekunjwa chini ya usukani. Injini ilikohoa, ikazima, ikakohoa tena, ikashika. Fundi hakushangilia. Alifuta vumbi la shaba kwenye vidole vyake, taratibu, mmoja mmoja, na wifi yake anasema hajawahi kumwona akipendeza vile.

Waliuzunguka mlima kwa saa tatu, Fundi kwenye usukani. Walipokaribia bwawa jua lilikuwa bado lina urefu wa mkono juu ya maji, na mbele ya gari la wifi palikuwa pamegeuka saluni. Kinyozi, miguu yake ikiwa juu ya kreti, alikuwa akimnyoa mlinzi wa bwawa kwa mkasi aliokuwa nao mfukoni. Wavuvi wawili walikuwa wamekwisha kunyolewa. Mwalimu alikuwa akila samaki wa kuchoma waliotolewa kama shukrani, na kuwaeleza wavuvi jinsi bwawa lao lilivyotokea.

"Mmewahi mno," Kinyozi akasema. "Nimebakiza upande wa kushoto."

Walimsubiri amalize. Kisha wifi akamchukua mumewe kwenye gari lao, na Fundi akabaki na wake kwenye kigari cha rangi ya chai. Kinyozi akajaribu kuingia upande wa dereva kwa mazoea, akakuta mkewe amekaa. Akazunguka akichechemea, akaketi pembeni, akautazama ufunguo mpya ulioning'inia kwenye swichi, unang'aa, haujapata hata mkwaruzo.

Wakapita kilomita kadhaa. Kisha akasema, kama mtu anayezungumza na kioo, "Miaka thelathini na moja ya ndoa, leo ndiyo mara ya kwanza wewe kuja kunichukua kazini."

"Ile ilikuwa kazi?"

"Vichwa vitatu, mama watoto. Na samaki nimekuachia mmoja, yuko kwenye gazeti hapa."

Fundi aliegesha gari kando ya barabara, akazima injini, na wakamla yule samaki wote wawili, milango ikiwa wazi, wakibishana ni upande gani wa mlima ulio mzuri zaidi.