Majina Yanayokuja na Salamu

Ilianza Jumanne, wiki ya pili ya likizo ya Juni, saa tatu na robo asubuhi. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimetoka kuiangalia kwenye simu ndogo ambayo mama aliniazima ili nisikae Mabamba bila mawasiliano. Mimi na bibi mzaa mama tulikuwa tumekaa nje kwenye mkeka, tunachambua maharage ya mbegu. Akaja jirani wa nyumba ya chini, yule mama mwenye mbuzi wengi. Bibi akaacha maharage, wakasalimiana.

Salamu za huku si za kusema "mambo" na kupita. Mnainama, mnapiga makofi taratibu, mwakeye, mwakeye, watoto wameamkaje, mbuzi je, yule aliyekuwa na homa je, mihogo inakaukaje na jua hili. Kila swali lina jibu lake na kila jibu lina kofi lake. Kwenye salamu bibi yangu ni bingwa. Mimi huwa natazama chini nikisubiri ziishe, maana zikifika kwangu natoa jibu moja na sauti inafia njiani.

Jirani akaaga. Bibi akamfuata kwa macho mpaka alipopotea kwenye migomba, kisha akanigeukia.

"Hivi yule anaitwa nani?"

Nikacheka. Nilidhani ni utani, maana wamekuwa majirani tangu mama yangu hajazaliwa.

"Usicheke. Nakuuliza."

Nikamtajia. Akalirudia lile jina mara mbili, polepole, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. "Ee. Ndiye huyo." Halafu akanieleza yote anayoyajua kuhusu yule mama: alivyokuja kuolewa pale akiwa na kovu mguuni, mapacha wake walivyozaliwa shambani katikati ya mihogo na bibi akawapokea kwa khanga aliyokuwa amejifunga, na kwamba hali dagaa hata umlipe.

"Mwenyewe ninaye mzima," akasema, "miguu, kovu na mbuzi wake. Jina ndilo limetoka."

"Imeanza lini, bibi?"

"Tangu mavuno ya mwaka jana. Kwanza yaliondoka ya watu wa mbali. Sasa yanaondoka ya watu wa hapahapa."

Hakuna aliyejua. Mjomba, mtoto wake wa kwanza, anafanya kazi Kigoma mjini na hupiga simu kila wiki. Wanasalimiana dakika kumi nzima, kisha mjomba anawaambia wengine, "Mama yuko imara, hata salamu hajapunguza." Hivyo ndivyo kwetu tunavyompima mtu. Mgonjwa anayesalimia vizuri si mgonjwa sana. Basi bibi alikuwa amejificha humohumo ndani ya salamu karibu mwaka mzima, na sisi wote tukipita tunamsifu.

Kilichomtia hofu ni Jumamosi. Jumamosi hiyo ndugu wa mchumba wa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, walikuwa wanakuja kutoka Nyakitonto kwa utambulisho. Kwenye ukoo wetu, tangu babu afariki, bibi ndiye anayesimama mbele ya wageni na kuwataja watu wetu mmoja mmoja: huyu ni nani, wa nani, anakaa wapi.

"Usimwambie mama yako mkubwa," akaniambia. "Akijua atampa mjomba wako hiyo kazi. Nami nitawekwa pale kwenye kiti kama mtungi. Wakinitoa Jumamosi hii, mwanangu, hawatanirudisha tena."

Nikaahidi. Nikaendelea kuchambua maharage, na naandika ukweli, niliogopa kuliko yeye.

Jioni nikamwandikia ujumbe mwalimu wetu wa Baiolojia kule Kasulu. Ni mwenyeji wa Tanga, na ndiye mwalimu pekee asiyenilazimisha kusoma kwa sauti darasani. Nilifuta nikaandika mara tano. Mwishowe ukatoka hivi: *Shikamoo mwalimu. Samahani kwa usumbufu. Je mtu anaweza kumjua mtu kabisa lakini akakosa jina lake? Ni bibi yangu.*

Badala ya kujibu akapiga. Niliiacha simu ikaita mpaka ikakata, kwa sababu hilo ndilo ninalofanya na simu. Akapiga tena. Nikapokea.

Kwanza aliniuliza maswali kama daktari. Mdomo umepinda? Mkono mmoja umelegea? Maneno yalivurugika ghafla, siku moja? Anasahau moto jikoni, anapotea njia? Nikajibu hapana, hapana, hapana. Akasema kimojawapo kikitokea ghafla tusisubiri kesho, tumkimbize hospitali. Na hata kisipotokea, apelekwe kupima, kwa sababu yeye ni mwalimu na si daktari.

Kisha sauti yake ikawa ile ya darasani, lakini ya chini. "Unakumbuka nilivyowachorea ubongo? Watu wengi lugha yao imeegemea upande wa kushoto. Lakini usidhani kuna kabati moja la maneno. Sura ya mtu iko huku, habari zake ziko kule, sauti ya jina lake iko kwingine, na katikati kuna njia. Nikikwambia mtu fulani ni fundi cherehani, unaona nini?"

"Cherehani," nikanong'ona. "Uzi. Kitambaa."

"Umeona? Njia nyingi. Sasa nikikutajia jina lake, jina lenyewe halikuonyeshi kitu. Lina kijia kimoja tu chembamba. Mtu akizeeka, vijia kama hivyo ndivyo vinavyoanza kuota majani. Bibi yako ana maneno mengi kukuzidi wewe na mimi. Ila kuna mahali pa kupita pameziba."

Nikamuuliza mbona salamu hakosei hata moja.

"Salamu, sala, kuhesabu, nyimbo, vitu ulivyorudia maisha yako yote, hivyo havitafutwi neno kwa neno. Vinatoka kama mnyororo. Ukivuta pete ya kwanza, nyingine zinafuata."

Nikasema ahsante mwalimu, nikakata kabla hajamaliza kuniaga. Niliona aibu baadaye.

Jumatano nikafanya kosa. Nilidhani dawa ya kijia kuota majani ni kukipita mara nyingi, kwa hiyo nikachukua picha za familia zilizotundikwa ukutani, nikawa namwonyesha bibi. Huyu nani? Na huyu? Kila nilivyokaza, ndivyo jina lilivyokimbia. Alipofika kwa mjomba alifikiri sana, akamwita kwa jina la mbwa wao wa zamani. Tulicheka mpaka bibi akashika mbavu. Halafu akaacha kucheka.

"Umekuja likizo," akasema, "au umekuja kunisimamia mtihani?"

Nikazirudisha picha ukutani.

Alhamisi mchana mjomba akapiga simu kuuliza habari za maandalizi. Bibi akashika simu kwa mikono miwili, nikamwashia spika. Wakaanza. Mmeamkaje, mkeo je, mguu wa mkeo je, mvua za huko ziwani zimeisha? Na mwishoni, bila mtu kumuuliza, kama mbuzi wa nyuma anayewafuata wenzake kutoka zizini, jina la mjomba likatoka. Bibi hata hakujua kwamba amelitaja. Mimi nilijua. Nikakumbuka mnyororo.

Simu ilipokatika nikamwambia, "Bibi, Jumamosi usiwatambulishe. Wasalimie."

"Kusalimia watu wangu mbele ya wageni?"

"Mmoja mmoja. Nani atashangaa mtu mzima akisalimia?"

"Kumbe kimya chako kina mambo," akasema.

Tukafanya mazoezi Alhamisi jioni na Ijumaa yote, tukimenya mihogo. Mimi nilikuwa watu wote. Mimi, ambaye nikiitwa jina darasani naitikia kwa kuinua kidole, nilikuwa mjomba nikikohoa, nikawa mama mkubwa na kilemba, nikawa mama yangu, nikawa bibi harusi mtarajiwa anayeringa.

"Mjomba wako hakohoi hivyo," bibi akasema. "Huyo ni kuku amekabwa. Mjomba wako anakohoa kama trekta."

Nikakohoa kama trekta. Akapiga makofi, akanisalimia kama mjomba, na jina likaja. Walikuwa watu wanane. Alhamisi walikuja watano. Ijumaa, kabla jua halijazama, walikuja wote wanane mara mbili mfululizo. Bibi akajilaza kwenye mkeka, akaweka kiganja kwenye paji la uso kama mtu aliyelima eka nzima.

Jumamosi wageni walifika saa sita na magari mawili. Mama alikuwa amekuja kutoka Kasulu asubuhi, mjomba kutoka Kigoma. Turubai lilifungwa uani. Muda ulipofika, mama mkubwa akasema, "Mama, karibu utujulishe kwa wageni."

Bibi akasimama, lakini hakwenda mbele kama siku zote. Akamwendea mjomba, akainama, akapiga makofi. Mjomba alishangaa kidogo, kisha damu yake ikamwitikia naye akapiga. Salamu ikaenda mpaka mwisho, jina likatoka, na bibi akawageukia wageni akaongeza, "Wa kwangu wa kwanza huyu. Yuko Kigoma." Akaenda kwa mama mkubwa. Akaja kwa mama yangu. Wageni wakaanza kupiga makofi pamoja naye. Nikamsikia mzee mmoja wa upande wao akimwambia mwenzake, "Hawa ndio watu. Sisi siku hizi tunatajana kama tunaita mahudhurio." Mimi nilikuwa mlangoni pa jiko na beseni la kunawia, nahesabu. Sita. Saba. Wanane. Nikatoa pumzi.

"Mama," mama mkubwa akasema akicheka, "na huyu umemwacha?" Akanishika mkono, akanivuta na beseni langu mpaka katikati.

Ndipo nilipoelewa. Siku mbili nilikuwa watu wote wanane, na hatukuwahi kufanya mazoezi ya mimi. Sikujihesabu. Na bibi huniita "mwanangu" au "wewe" tangu nizaliwe, kwa sababu niko pembeni yake siku zote. Jina langu halikuwa na salamu.

Bibi akapiga makofi. Akanisalimia yote, hadi masomo, hadi walimu. Nikaitikia. Salamu ikafika mwisho na hakikutoka kitu. Akaanza tena. Ikafika mwisho. Macho yake yakawa kwenye macho yangu, yananiomba. Jina langu nilikuwa nalo mdomoni. Lilikuwa neno moja tu. Watu kama arobaini walikuwa wananitazama, na mdomo wangu haukufunguka. Naandika hili kama lilivyokuwa: haukufunguka.

Shangazi mkubwa wa bwana harusi, bibi mfupi mwenye fimbo, akasema kutoka kwenye kiti chake, "Aa, huyo mwache, dada. Uso wake umeshajitambulisha. Si wewe mwenyewe huyo, kabla hujazeeka?"

Turubai lote likacheka. Bibi naye akacheka. Akaniwekea mkono begani, akasema, "Ego, ndiyo, ndiye mimi," na shughuli ikaendelea kwenye chakula. Nadhani wengi hawakuona kitu. Lakini mkono begani ulikuwa umenikaza, na mama yangu alikuwa amesimama na sahani hajaziweka mezani.

Nilimkuta bibi nyuma ya jiko, amekaa kwenye kinu kilicholazwa.

"Nimekupoteza mbele za watu," akasema.

"Hukunipoteza, bibi. Mimi ndiye niliyenyamaza."

"Nilikutafuta. Yalikuja majina ya watu waliokufa. Lako hapana."

Nikakaa chini, nikaegemea goti lake. Hapo ndipo yule shangazi mwenye fimbo akatukuta, anataka kuaga. Kabla hata ya makofi akasema jina lake, akasema, "wa Nyakitonto, shangazi yake kijana," ndipo akainama kusalimia. Bibi akamtazama.

"Huko kwetu wazee tumekubaliana," yule shangazi akasema. "Ukifika kwa mwenzako unajitaja kwanza. Kwa nini tusumbuane? Jina la mtu ni mzigo wake, abebe mwenyewe." Wakacheka wote wawili, kicheko cha chini, wakishikana mikono. Wakasalimiana tena, upya.

Jioni bibi mwenyewe akamwambia mama kila kitu. Nilikuwa naosha vyombo, nikawasikia. Mama hakusema habari ya kumwondolea kazi. Aliuliza tu, "Mbona ulibeba peke yako?" na bibi akasema hakuwa peke yake. Wakapatana kwamba Jumatatu wataenda pamoja Kibondo kupima.

Jumapili niliamka kabla ya wote. Sikwenda kisimani kwanza. Nilienda mpaka mlango wa chumba cha bibi, nikapiga magoti, nikapiga makofi. Nikasema jina langu, na la baba yangu, na kwamba mimi ni mjukuu wa binti yake wa pili. Nikakosea, maana mimi ni mtoto wa binti yake wa pili, nikaanza tena. Nilisema kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia hata darasani, na kule chini kwa jirani mbuzi wakaanza kulia. Kisha nikasema mwakeye, bibi.

"Ingia basi," akajibu kutoka ndani. "Mimi ni mzee, si kiziwi."

Nikaingia, nikamsalimia mpaka mwisho.