Machozi ya Kichupa

Nichekeni mara moja tu halafu tuyaache: ndiyo, mimi ndiye yule dada aliyefanya muujiza wa uongo kanisani Kisugu, mbele ya watu wote, na kampira mkononi.

Mnajua nilivyougua mpaka nikapelekwa India, na mdogo wangu Dieudonné akanipa uboho wake. Damu ikapona, lakini macho yakakauka kabisa, hata chozi la kitunguu sina. Daktari alinieleza kwamba chembe za Dieudonné zilizo ndani yangu zimeyaona macho yangu kuwa adui, zikayashambulia (ningemficha hayo, lakini mdomo wangu mnaujua), na tangu siku nilipomwambia, mdogo wangu akawa hanitazami usoni. Mimi nikapewa lenzi kubwakubwa, unaijaza maji ya chumvi ya kichupa, unainama unatazama sakafu, kisha unaipandisha kwa kampira kanakonyonya mpaka ishike jichoni. Bila hizo ni kama nimepakwa pilipili.

Jumapili hiyo nilichelewa (nilikuwa napiga pasi kitenge kipya, kwa nini nidanganye), nikaamua lenzi nitazivalia hukohuko. Kufika, chooni kuna foleni ya akina mama na watoto wao. Nikasema basi, nitangoja maombi, maana kanisani kwetu pasta akisema tuombe, kila mtu anafumba macho na kupaza sauti yake, sasa nani ataniona?

Ya kulia ikaingia vizuri. Ya kushoto ikagoma, maji yakanimwagikia shavuni, nikajaza tena, yakamwagika tena, mara ya tatu yakafika kidevuni yakawa yanadondokea kitenge changu kipya, na hapo Mama Neema niliyeketi naye benchi moja akafumbua jicho.

"Analia! Jamani, Yaya Chantal analia!"

(Kwetu Bukavu yaya ni dada mkubwa.) Sasa muelewe, kanisa zima lilikuwa limefunga Ijumaa tatu kuombea macho yangu yatoe machozi. Vigelegele vikaanza, nikavutwa mpaka mbele, jicho moja linaona, la pili ukungu mtupu, na kampira nimekashika na lenzi yake. Dieudonné, ambaye ndiye mpiga gitaa wetu, aliliweka gitaa chini akapiga magoti, analia kwa sauti: "Asante Mungu, sikumuharibu yaya yangu!"

Moyo uliniuma. Ningesema amina tu, mdogo wangu angelala usingizi siku hiyo. Lakini kesho yake angenikuta na kichupa changu, naye angeanza kujilaumu upya.

Pasta akanisogezea maikrofoni. "Dada, shuhudia! Na hii unashika ni nini?"

"Kampira, Pasta."

"Kampira ya nini?"

"Ya kuvalia lenzi. Haya si machozi, ni maji ya kichupa. Munisamehe."

"Bambi," akasema mama mmoja huko nyuma, kwa huruma iliyonichoma kuliko kicheko.

Dieudonné akainuka. Nilidhani anatoka nje, kumbe anakuja kwangu. "Inavaliwaje?" akaniuliza polepole. Miezi yote ile hakuwahi kutaka kuona. Basi nikainama mbele ya kanisa zima, yeye akanishika paji la uso kwa kiganja, nikajaza maji, nikapandisha, na lenzi ikashika mara moja, ile ile iliyokuwa imegoma.

"Sasa unaniona?"

"Nakuona. Na shati yako haukupiga pasi."

Akacheka huku machozi yanamtiririka, na kwa mara ya kwanza tangu India akanitazama machoni. Nikamwambia, "Damu yako haina kosa, ni ngeni tu. Hata sisi tulipofika Kisugu kutoka Bukavu tuligombana kwanza na majirani." Maikrofoni ilikuwa bado wazi, kanisa likaangua kicheko, na majirani wenyewe wakacheka kuliko wote.

Tangu siku hiyo lenzi navalia nyumbani, mbele ya kioo, kitenge kimenyooka au hakijanyooka. Maombi yakianza nafumba macho kama wenzangu. Ila Mama Neema, mpaka leo, anaomba akiwa amefumba jicho moja tu.